Inakuuma Wapi, Tangu Lini? Lugha ya Mgonjwa, kutoka Havana hadi Delta ya Rufiji

Mhadhara kwa watumishi wa afya, wanafunzi na wananchi wa Kibiti

Wazee wetu mliotoka vijiji vya delta, Salale, Mbwera na Kiongoroni, mkasubiri maji yajae ndipo mkavuka kuja Nyamisati, shikamooni.

Mada niliyoletewa ni Kihispania cha hospitali. Walioiomba ni vijana wa tiba wenye nia ya kwenda kusoma Kuba, na wana haki ya kuiomba. Pale Havana kuna Shule ya Tiba ya Amerika ya Kilatini, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambayo imepokea vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Asiyejua Kihispania huanzishiwa lugha kabla hajaanza masomo ya udaktari wenyewe. Nitawapa walichoomba. Ila nimekuja na shauri langu pia, nalo nalisema wazi tangu mwanzo: kueleza ugonjwa ni kazi ya watu wawili, na kati ya hao wawili, mwenye deni la kujifunza lugha ya mwenzake ni yule aliyesoma, si yule anayeumwa.

Kihispania na Kiswahili havikujuana jana. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara, daktari kwa kusomea, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wenzake, kwenda kuwasaidia wapiganaji wa mashariki ya Kongo. Wakuba wale walijipa majina kwa kuhesabu Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu, na daktari Rafael Zerquera akawa Kumi. Che alipewa kijana Mkongo wa kumfundisha Kiswahili na kumtafsiria. Jina lake Freddy Ilanga, na hata miaka ishirini hakuwa ametimiza. Vita ile ilishindwa mwaka huohuo, na Novemba Wakuba wakaondoka. Ilanga akaishia Kuba. Akajifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na huko ndiko alikofia mwaka 2005. Vijana wengi mnaijua sura ya Che. Naomba mlijue na jina la mwalimu wake, kwa kuwa ndiye aliyevuka daraja lote: alianza kwa kumkopesha daktari mgeni maneno ya watu wake, akamaliza kwa kuwauliza wagonjwa wa nchi ya watu, kwa lugha yao, wanaumwa wapi.

Tangu hapo njia hiyo haijafungwa. Zanzibar imepokea madaktari wa Kuba kwa miaka mingi, na mwaka 2007 ilianza kuwasomesha madaktari wake palepale visiwani kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Kenya ilileta madaktari bingwa 100 kutoka Kuba mwaka 2018 na kuwasambaza kaunti zote, na yenyewe ikapeleka madaktari wake kusomea tiba ya familia huko. Mpango ule ulikoma mwaka 2023. Ulizua mabishano mengi, ya mishahara na ya ajira za wenyeji, nami siingii humo. Lakini moja ya mambo yaliyosemwa tangu mwanzo lilikuwa lugha: bingwa wa mifupa anaisoma picha ya eksirei bila mkalimani, ila mama anayesema mtoto amekesha akilia hawezi kumsoma. Hapa kwetu Mkoa wa Pwani, alama ya Kuba ni kile kiwanda cha Kibaha kinachotengeneza dawa ya kuulia viluwiluwi vya mbu, kilichozinduliwa mwaka 2015. Dawa ile inamwagwa dimbwini na haimwulizi mtu kitu. Tiba ya chumbani kwa daktari haina bahati hiyo.

Sasa Kihispania chenyewe. Habari njema ni kwamba Mswahili anakianza akiwa mbele. Irabu zake ni zilezile tano, na zinatamkwa kama zetu, hazibadiliki badiliki kama za Kiingereza. Herufi ñ ni ny yetu, kwa hiyo niño, mtoto, inasomwa ninyo. Herufi ll inasomwa y: rodilla, goti, ni rodiya. H haisikiki kabisa, hivyo hígado, ini, inaanza na i. Wakuba, kama watu wengi wa visiwa vya Karibi, hupunguza au kumeza s iliyo mwisho wa silabi, kwa hiyo los pies, miguu, inaweza kukufikia ikiwa lo pie. Msidhani mmefundishwa vibaya mkisikia hivyo.

Jambo la pili ni zuri zaidi. Mhispania akiumwa kichwa husema me duele la cabeza. Tazameni ilivyopangwa: kichwa ndicho kinachotenda, na mwenye kichwa ndiye anayetendwa. Ni kichwa kinaniuma, neno kwa neno. Akiwa na homa husema tengo fiebre, nina homa. Akiishiwa pumzi husema me falta el aire, hewa inanipungukia. Daktari akiuliza mahali, atasema ¿dónde le duele?, inakuuma wapi. Akiuliza muda, ¿desde cuándo?, tangu lini. Nawasihi wanafunzi: msipitie Kiingereza kwenda Kihispania. Wengi hufanya hivyo kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, kisha wanatoka na sentensi zilizopinda. Tokeni kwenye Kiswahili moja kwa moja. Hata maneno ya mitaani yanafanana. Sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini, mtu wa kawaida humtaja mwenye kisukari kwa kusema tiene azúcar, ana sukari, kama tunavyosema sisi, na presha yetu kwao ni la presión.

Maumivu yana aina, na daktari wa kweli ataziuliza. Ardor ni kuwaka moto, kama kiungulia au mkojo unaochoma. Punzada ni kichomi, kile kinachodunga ubavuni. Cólico ni tumbo linalosokota likaachia, likasokota tena. Jipu linalopwita, au kichwa kinachogonga kwa mapigo, husemwa kwa latidos. Mareo ni kizunguzungu, náusea ni kichefuchefu, tos ni kikohozi, escalofríos ni ile baridi inayomtetemesha mtu huku mwili ukiwa wa moto. Mwanamke ajue kusema estoy embarazada, nina mimba, kabla hajapewa dawa wala kupigwa picha. Mwenye mzio wa penisilini ajue soy alérgico a la penicilina, na mwanamke amalizie alérgica. Haya yaandikwe kwenye kikaratasi na kukaa mfukoni, kwa kuwa mtu aliyezidiwa husahau hata lugha ya mama yake.

Lakini katika maneno yote ya kujifunza, mawili yana thamani kuliko hayo yote: no entiendo, sielewi, na más despacio, por favor, polepole tafadhali. Mgonjwa aliye ugenini anayeweza kusema hayo mawili anaweza kuokolewa hata kama hajui jina la kiungo hata kimoja. Asiyeweza kuyasema atakubali kila kitu, atatia sahihi kila karatasi, atarudi nyumbani na dawa asiyojua ni ya nini.

Nauliza basi. Hapa Kibiti, ni nani amewahi kumsikia mgonjwa akimwambia daktari, sijaelewa, rudia polepole? Bibi aliyetoka Mbwera anaitikia ndiyo mwanangu, ndiyo daktari, eeh, nimesikia. Kisha anatoka nje na kumwuliza mjukuu, kasemaje? Na wote wawili, daktari na bibi, ni Watanzania wanaosema Kiswahili. Hakuna Kuba wala Kihispania hapo. Ila ugeni upo.

Tuutazame ugeni huo vizuri. Wapo wazee wa delta na wa kingo za mto ambao maumivu yao ya ndani kabisa wanayasema kwa Kindengereko, au kwa usemi wa Wanyagatwa. Bibi anayasogeza kwenye Kiswahili ili daktari ayapate. Daktari, aliyezaliwa pengine Mbeya au Mara, anayapokea kwa Kiswahili cha shule, kisha anayaandika kwenye kadi kwa Kiingereza. Maneno yamevuka mito miwili kabla wino haujakauka. Kila kivuko kinadondosha kitu. Kwenye kadi tunasoma mgonjwa ana maumivu ya tumbo kwa wiki moja, wakati yeye alisema tumbo linanyonga chini ya kitovu, linaanza jioni, na akilala kifudifudi linatulia. Mstari huo wa pili ndio ulikuwa na ugonjwa ndani yake.

Chukueni hilo la muda, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Daktari anauliza, tangu lini? Anataka tarehe. Mvuvi wa kamba wa Salale hana haja ya tarehe, ana maji. Anajua maji yanapojaa na yanapokupwa, anajua bamvua na anajua maji mafu, kwa sababu mashua yake, wavu wake na safari yake ya kuja hospitali vyote vinategemea hayo. Atakwambia, kikohozi hiki kimenianza bamvua iliyopita. Daktari asiyejua anaandika kwamba mgonjwa hakumbuki. Kumbe mgonjwa ametoa jibu kamili. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo kati ya bamvua moja na nyingine ni takriban siku kumi na tano. Sasa kumbukeni kila zahanati nchini inavyoelekezwa: mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi achunguzwe kifua kikuu, na anayeishi na virusi vya UKIMWI achunguzwe bila kusubiri hizo wiki. Kikohozi kilichoanza bamvua moja na kimefika bamvua nyingine kimetimiza kipimo. Mvuvi yule amekuja na jibu mkononi, sawasawa na mwongozo wa Wizara, na tumemwambia hakumbuki!

Saa nayo ina mitego yake. Saa zetu za mchana zinaanza kuhesabiwa asubuhi jua likichomoza, na mtumishi mgeni aliyejifunza tarakimu tu atasema saa mbili akimaanisha saa nane mchana, mama akasikia saa mbili usiku. Kwa dawa nyingi kosa hilo si kubwa. Kwa dawa mseto ya malaria ni kubwa, kwa kuwa kipimo cha pili kinatakiwa kimezwe saa nane baada ya kile cha kwanza, ndipo vinavyofuata viende asubuhi na jioni hadi siku tatu ziishe. Mtoto aliyeanza saa nne asubuhi ameze tena saa kumi na mbili jioni. Msiseme baada ya masaa nane mkanyamaza. Semeni magharibi, jua likizama, kabla ya kula au baada ya kula, kisha mwambieni mama awarudishie kwa kinywa chake mwenyewe. Akikosea, lililokosewa ni letu, turudie.

Nije kwenye salamu, maana watumishi wageni huanguka hapo bila kujua. Mzee akiingia, anasalimiwa kwanza. Shikamoo haina cheo, na koti jeupe haliiondoi. Akiulizwa habari za asubuhi atasema nzuri. Akiulizwa hujambo, atasema sijambo. Hajaeleza ugonjwa hapo, amejibu salamu. Ugonjwa unakuja baada ya ila. Nzuri, ila mwili hauna nguvu. Sijambo, ila hiki kiuno. Tabibu mwenye haraka anaanza kuandika kabla ila haijafika. Wakuba, nimeelezwa na waliosoma kwao, nao husema bien, pero, yaani nzuri, lakini, kwa hiyo daktari wao akifika huku hilo halimpi taabu sana. Taabu ni kwa wetu waliofundishwa kwamba muda wa mgonjwa mmoja ni dakika chache na foleni imefika mlangoni. Nawaelewa, foleni ni ya kweli na watumishi ni wachache. Lakini salamu iliyokamilika inachukua muda mfupi kuliko kumpima mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Kuna pia swali la uzito wa maumivu. Vitabu vinatwambia tumwombe mgonjwa ayape namba, sifuri hadi kumi. Nimeona swali hilo likimchanganya mkulima mwenye akili timamu na uzoefu wa miaka mingi, akajibu saba kwa adabu tu. Mwulizeni kazi. Je, unaweza kupiga kasia? Unaweza kupanda dunguni kulinda mpunga usiku, au umeshindwa ngazi? Kukata boriti kwenye mikoko je? Umeweza kutwanga, kuchota maji, kusujudu na kuinuka? Mwanamume aliyeacha kwenda kuvua katika siku za kamba wengi amekwambia ukubwa wa maumivu yake kwa namna ambayo hakuna namba inayoweza. Delta hii, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, ina kazi za kila kiungo cha mwili. Anayezijua ana vipimo vingi vya bure.

Sehemu ya aibu nitaisema kwa heshima, kwa kuwa tumekaa wakubwa na wadogo. Magonjwa ya pwani hii yana tabia ya kujificha kwenye viungo ambavyo watu hawavitaji. Kichocho kinatoa damu kwenye mkojo. Matende yanavimbisha mguu, na mabusha yanamkaa mwanamume miaka na miaka, akivaa kanzu pana, asiende mbele za watu. Mwanamume wa makamo akisema kiuno kinamsumbua, huenda ni mgongo uliochoka na huenda ni nguvu zake za ndoa. Mwanamke akisema chango, huenda ni tumbo, huenda ni hedhi, huenda ni mimba zinazoharibika. Ukimwuliza waziwazi mbele ya mkwewe atakana. Kwa hiyo mtoe mkwe nje kwa adabu, funga mlango, kisha uliza kwa maneno ya staha ambayo lugha yetu imejaaliwa: siku zako zinakujaje? Haja ndogo ina rangi gani? Ukiwa na mwenzio kuna maumivu? Na kamwe, nasema kamwe, msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mama yake. Mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba maneno hayo, na mama hatayasema. Wakunga na makungwi wa vijiji hivi wanayo lugha hiyo ya staha wameirithi. Wakaribisheni zahanati waketi na watumishi vijana, wawafundishe.

Siku hizi limezuka jambo jingine. Mgonjwa anakuja na jina la ugonjwa badala ya dalili. Nina malaria. Nina yutiai. Presha imepanda. Jina hilo amelipata duka la dawa, au kwa jirani, au kwenye simu. Tusimcheke, kwa sababu ametuiga sisi. Tumemzoesha kwamba hospitali inasema kwa majina. Lakini tusilikubali jina hilo kuwa jibu. Mwambieni, naam, na hiyo yutiai inakufanyaje? Hapo ndipo atasema anachosikia mwilini: mkojo unachoma, au mgongo unauma upande mmoja, au hana chochote ila uchovu. Tangu kipimo cha haraka cha malaria kilipofika zahanati zetu tumejifunza kwamba homa nyingi si malaria, na mtoto mwenye kipimo kilichotoka safi bado ni mgonjwa. Anahitaji kuulizwa zaidi, si kuambiwa aende nyumbani hana kitu.

Hapo nafika kwenye jambo lililonifanya niamini kwamba mada hii ni ya uhai na kifo, na ushahidi wake umetoka katika ardhi hii. Kwa vizazi vingi watu wa pwani wamelitambua degedege: mtoto mwenye homa anakaza viungo, macho yanageuka, povu linatoka. Wengi waliliweka mbali na homa ya kawaida. Likaonekana ni jambo la ndege au la shetani, na ikaenea hofu kwamba mtoto akichomwa sindano akiwa katika hali ile atakufa. Mama aliyeambiwa na zahanati kwamba hospitali inatibu malaria hakuwa na sababu ya kumleta mtoto wa degedege. Kwake hayo yalikuwa mambo mawili.

Mwaka 1998 ulianza katika wilaya hii, wakati huo Rufiji ikiwa moja, ufuatiliaji wa vizazi na vifo, katika vijiji vya upande wa kaskazini wa mto, Ikwiriri, Kibiti, Mchukwi, Bungu na jirani zake, penye watu zaidi ya 80,000. Wadodosaji walipita kila nyumba kila baada ya miezi minne. Palipotokea msiba waliacha matanga yaishe, kisha wakaja kuketi na wafiwa na kuwauliza, kwa Kiswahili, marehemu alianza kuumwa lini, aliumwaje, alipelekwa wapi kwanza, wapi baadaye. Madaktari waliyasoma maelezo hayo na kukadiria chanzo cha kifo. Watu wengi walifia nyumbani, bila cheti wala kipimo. Kilichobaki cha ugonjwa wao kilikuwa maneno ya mama, ya mume, ya dada.

Maneno hayo yalifanya kazi kubwa. Yalionyesha kwamba karibu wanne katika kila watano waliokufa kwa malaria walikuwa wamefikishwa kwenye tiba ya kisasa angalau mara moja kabla ya kufa. Wananchi wa Rufiji, waliokuwa wakishutumiwa kwamba wanang'ang'ania waganga wa kienyeji, walikuwa wamekuja kwetu. Tatizo kubwa lilikuwa walipofika: wamechelewa, au dawa haikuwepo, au hawakuulizwa vya kutosha. Na chini ya mradi wa Wizara ya Afya na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada, uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini, halmashauri zilianza kupanga fedha kwa kufuata vifo vinavyotokana na nini hasa, badala ya kufuata mazoea. Nyongeza ya fedha haikufika hata dola moja kwa kila mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sisemi maneno peke yake yalifanya hayo. Kulikuwa na vyandarua, kulikuwa na dawa, kulikuwa na usimamizi. Na kulikuwa na mafunzo ya kumtibu mtoto kwa kumtazama mzima, ambayo yanamtaka mtumishi, kabla ya lolote, aulize na kutazama dalili za hatari: mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, au hana fahamu? Kisha ahesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anapumua haraka mno. Walioandaa mafunzo hayo duniani waliagiza kila nchi itafute maneno ya mama wa huko na kuyaweka katika maswali. Degedege likaingia katika chumba cha daktari kwa mlango wa mbele. Mama alipoulizwa kwa neno lake, alijibu.

Hivyo natoka hapa na ombi kwa Halmashauri na kwa waganga wafawidhi. Kila zahanati ya delta na ya bara iwe na daftari moja, gumu, la kurithishana. Mtumishi mpya anayeripoti Msala au Maparoni akabidhiwe daftari hilo pamoja na funguo za stoo ya dawa. Ndani yake yaandikwe maneno ya dalili kama watu wa hapo wanavyoyasema, kwa Kiswahili chao na kwa Kindengereko, na mbele ya kila neno: anayelisema humaanisha nini, aulizwe nini zaidi, na lini apelekwe Kibiti au Mchukwi bila kungoja maji yajae mara ya pili. Maneno yakusanywe na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kwa sababu wao ni wa hapo. Yahakikiwe na wazee, wanawake kwa upande wao na wanaume kwa upande wao. Kalenda ya bamvua ibandikwe ukutani karibu na kalenda ya chanjo.

Nanyi mnaokwenda Kuba, anzeni daftari lenu leo, kurasa mbili zikitazamana, Kihispania huku na Kiswahili cha kwenu kule. Mkirudi, kila mgonjwa wa Havana aliyewasubiri kwa subira mpaka mkapata neno la kumwuliza, muwe mmelijaza jina la maumivu yake upande wa pili, kwa lugha ya bibi yenu. Mwanzo wa ukurasa wa kwanza uwe ni watoto: hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, mbavu zinabonyea akivuta pumzi. Nimeacha nakala chache za maneno ya Kihispania mezani kwa katibu. Sasa nawasikiliza wazee kwanza, kwa kuwa maji ya kurudia hayatawangoja.